Kutoka Mwongozo hadi Dozi ya Kila Siku: Historia ya Tiba ya Kifafa Mwanza na Mwambao wa Ziwa Victoria tangu 1960

Ikisiri

Insha hii inafuatilia safari ya tiba ya kifafa kutoka katika maandishi ya kitabibu hadi katika zahanati za Mwanza na mwambao wa Ziwa Victoria. Inalinganisha matukio mawili ya historia ya afya nchini Tanzania. La kwanza ni kliniki ya kifafa ya Mahenge, iliyoonesha kwamba dawa ya bei nafuu huweza kumtuliza mgonjwa wa kijijini. La pili ni utafiti wa magonjwa ya zinaa mkoani Mwanza, ulioonesha kwamba zahanati za kawaida huweza kutekeleza mwongozo wa tiba. Hoja kuu ni kwamba majibu haya mawili yamekaa mbalimbali, na kwamba mwongozo wa kifafa huwa tiba pale tu unapogeuzwa kuwa mpangilio wa dawa, rejesta, usimamizi na kalenda inayofuata maisha ya watu wa ziwani.

1.0 Utangulizi

Mwaka 1912 daktari Mjerumani Alfred Hauptmann alitangaza kwamba fenobarbitali hupunguza kuanguka kwa watu wenye kifafa. Mwaka huo Mwanza ilikuwa boma la utawala wa Kijerumani. Zaidi ya karne moja baadaye, kidonge hichohicho kingali miongoni mwa dawa zinazopendekezwa kwa nchi zenye kipato cha chini. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 duniani wanaishi na kifafa, karibu asilimia 80 kati yao wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Shirika hilo linaeleza pia kwamba hadi asilimia 70 ya wagonjwa wangeweza kuishi bila kuanguka iwapo wangetambuliwa na kutibiwa ipasavyo. Hata hivyo, katika nchi maskini, robo tatu ya wanaohitaji tiba hiyo hawaipati.

Takwimu hizi zinazaa swali la kihistoria. Ikiwa dawa inajulikana, ni ya bei nafuu, na namna ya kuitumia imeandikwa, ni kitu gani kilichosimama kati ya maandishi na mgonjwa kwa muda wote huo? Jibu la haraka ni umaskini au imani za kishirikina. Insha hii haikanushi kwamba mambo hayo yana nafasi yake, lakini inadai kwamba hayatoshi. Mkoa wa Mwanza ni mahali panapofaa kwa uchunguzi huu kwa sababu mbili. Kwanza, ni hapa ambapo utekelezaji wa mwongozo wa tiba vijijini ulipimwa kwa makini katika miaka ya 1990, ingawa kwa ugonjwa mwingine. Pili, ziwa lenyewe hubadili maana ya ugonjwa huu: kwa mtu anayeishi kwa kuvua, kuanguka mara moja tu akiwa mtumbwini kunaweza kuwa mwisho wa maisha yake.

2.0 Jina la ugonjwa

Historia ya tiba huanza na majina. Neno kifafa linaonesha mzizi -fa wa kitenzi kufa, ukiwa umerudiwa. Ni kama kusema mtu anakufa kidogo kisha anarudi. Pembeni yake lipo neno degedege, linalotumiwa zaidi kwa mitukutiko ya watoto wadogo, hasa wenye homa. Lipo pia jina kifafa cha mimba, ambalo ni hali ya hatari inayotokana na shinikizo la damu la ujauzito, yenye chanzo tofauti na tiba tofauti.

Majina haya yana athari katika huduma. Mama anayeambiwa kuwa mwanawe ana degedege huenda asiunganishe tukio hilo na kifafa kinachojitokeza miaka kadhaa baadaye, ilhali malaria kali inayofika kwenye ubongo ni mojawapo ya njia zinazojulikana za kupata kifafa, na ukanda wa ziwa ni miongoni mwa maeneo ya nchi yaliyoathiriwa sana na malaria. Vilevile, mwanamke aliyewahi kupata kifafa cha mimba anaweza kubandikwa jina la mgonjwa wa kifafa maisha yake yote kwa sababu tu majina yanafanana.

Mwongozo wa Tiba wa Taifa umeandikwa kwa Kiingereza. Tabibu wa zahanati huusoma kwa lugha hiyo, huuliza maswali kwa Kiswahili, na mara nyingi hupokea majibu kwa Kisukuma, Kikerewe, Kijita au Kikara. Kila hatua ya tafsiri hiyo ni mahali ambapo utambuzi wa ugonjwa unaweza kupotea. Swali kama "je, hupoteza fahamu?" halina uzito sawa na swali "je, watu wanaomwona husema nini kinaanza kutikisika kwanza?", ambalo ndugu wa mgonjwa anaweza kulijibu vizuri.

3.0 Mahenge: uthibitisho wa dawa

Kabla ya uhuru, tiba ya magonjwa ya akili na ya ubongo ilikuwa tiba ya kuhifadhi watu. Makao ya Lutindi katika milima ya Usambara yaliendeshwa na wamisionari wa Bethel, taasisi ya Kijerumani ambayo yenyewe ilianza mwaka 1867 kama makao ya watu wenye kifafa. Wakati wa utawala wa Waingereza, hospitali ya Mirembe huko Dodoma ndiyo iliyokuwa kituo kikuu cha magonjwa ya akili. Kwa familia ya Ukerewe au Sengerema, taasisi hizo zilikuwa mbali mno kwa ugonjwa unaohitaji kidonge kila jioni.

Mabadiliko ya fikra yalianzia kusini. Mwaka 1960 daktari Mnorwei Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge, katika eneo la Wapogoro. Alikuta wagonjwa waliotengwa kwa hofu kwamba mate ya mtu aliyeanguka huambukiza. Kutokana na hofu hiyo, aliyeangukia motoni angeweza kukosa mtu wa kumvuta. Badala ya kuwapeleka wagonjwa mbali, kliniki iliwapa dawa, hasa fenobarbitali, wakiwa majumbani kwao.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1992 na Jilek-Aall pamoja na daktari Mtanzania Henry Rwiza, miaka 30 baada ya kliniki kuanza. Kati ya wagonjwa 164 waliofuatiliwa, asilimia 52.4 waliacha kuanguka walipokuwa katika tiba, na asilimia 36 walipungukiwa. Lakini uchunguzi huohuo ulikuta kwamba wagonjwa 110, yaani asilimia 67.1, walikuwa wamekwisha kufa, kiwango ambacho kilikuwa mara mbili ya vifo vya watu wengine wa vijijini nchini. Zaidi ya nusu ya vifo hivyo vilihusiana na kifafa chenyewe: kuanguka mfululizo bila kuzinduka, kuzama majini, kuungua moto. Mwaka huohuo, Rwiza na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wa watu wapatao 18,000 katika vijiji 11 vya wilaya ya Ulanga, na kukadiria kwamba watu 10.2 kati ya kila 1,000 walikuwa na kifafa.

Takwimu za Mahenge zinapaswa kusomwa pamoja. Zile za kwanza zinasema kwamba dawa inafanya kazi kijijini, mikononi mwa watu wa kawaida. Zile za pili zinasema kwamba tiba nzuri ya kipindi fulani haimlindi mgonjwa katika miongo inayofuata. Mahenge ilijibu swali la dawa, na kwa kufanya hivyo ikaliacha wazi swali la mfumo.

4.0 Zahanati na kasha la dawa

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali ilielekeza nguvu katika zahanati na vituo vya afya vya vijijini. Kando ya ziwa, mtandao huu ulijengwa pembeni ya hospitali za misheni kama Sumve na Sengerema. Bugando, hospitali kubwa iliyofunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima mjini Mwanza, iliendeshwa na serikali hadi mwaka 1985, iliporejeshwa chini ya maaskofu Wakatoliki kwa makubaliano na serikali. Ikawa kilele cha rufaa cha Kanda ya Ziwa. Hivyo, kwa upande wa majengo, njia kutoka kijijini hadi kwa daktari bingwa ilikuwapo.

Dawa zilikuwa na historia yake. Katika miaka ya 1980, kwa msaada wa Denmark kupitia UNICEF, Mpango wa Dawa Muhimu ulianza kupeleka makasha ya dawa katika zahanati na vituo vya afya. Kasha lilikuwa ukombozi, kwani lilifika likiwa limefungwa na lilipunguza upotevu njiani. Hata hivyo, lilipangwa kwa makadirio ya pamoja, si kwa hesabu ya wagonjwa wa zahanati husika. Utaratibu huo unafaa kwa malaria na kuhara, kwa sababu mgonjwa wa leo si wa mwezi ujao. Kwa kifafa, mgonjwa wa leo ndiye wa mwezi ujao na wa mwaka kesho. Zahanati yenye wagonjwa 20 wa kifafa na zahanati isiyo na mgonjwa hata mmoja zilipokea kasha lililofungwa kwa mpango uleule.

Katika muongo huohuo, programu ya taifa ya afya ya akili, iliyofanyiwa majaribio Kilimanjaro na Morogoro kwa ushirikiano wa Shirika la Afya Duniani na Denmark, ilionesha kwamba watumishi wa zahanati wanaweza kufundishwa kuhudumia wagonjwa wa akili na wa kifafa. Mwaka 1993 Bohari ya Dawa iliundwa kwa sheria, na kanda yake ya Mwanza ikawa chanzo cha dawa za vituo vya umma vya ziwani. Baadaye mfumo ulibadilika ili kila kituo kiagize chenyewe kulingana na mahitaji yake. Badiliko hilo lilikuwa muhimu sana kwa kifafa, lakini lilikuja na sharti: kituo kisichojua idadi ya wagonjwa wake hakiwezi kuagiza dawa zao. Kuanzia hapo, rejesta ikawa na thamani sawa na ghala.

Fenobarbitali ilikuwa na kikwazo cha ziada. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili uliiweka chini ya udhibiti. Udhibiti huo unalenga kuzuia matumizi mabaya, lakini umeifanya dawa ya bei nafuu kuliko zote iwe pia dawa yenye makaratasi mengi.

5.0 Mwanza: uthibitisho wa mwongozo

Swali ambalo Mahenge iliacha wazi lilipata jibu Mwanza, ingawa hakuna aliyekuwa akiulizia kifafa. Kati ya mwaka 1991 na 1995, watafiti wakiongozwa na Heiner Grosskurth, kwa ushirikiano wa taasisi zikiwemo AMREF na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, walichunguza iwapo tiba bora ya magonjwa ya zinaa katika zahanati za kawaida ingepunguza maambukizi ya VVU. Walichagua jamii 12 za vijijini mkoani Mwanza, 6 zikipata huduma iliyoboreshwa na 6 zikiendelea na huduma ya kawaida. Watu wazima wapatao 12,000 walifuatiliwa kwa miaka miwili. Katika jamii za kwanza, asilimia 1.2 walipata maambukizi mapya. Katika zile nyingine, asilimia 1.9. Baada ya tofauti nyingine kuzingatiwa, upungufu ulikuwa takribani asilimia 40.

Matokeo hayo yalijulikana duniani kwa sababu ya VVU. Kwa historia tunayoifuatilia, kilicho muhimu zaidi ni namna yalivyopatikana. Watafiti hawakuleta mabingwa vijijini. Walichukua mwongozo wa kutibu kwa kufuata dalili, ulioandikwa kama chati ya maamuzi, wakauzungushia mambo kadhaa, yakiwemo haya: mafunzo kwa watumishi waliokuwapo, dawa zisizokatika, ziara za mara kwa mara za wasimamizi, na elimu kwa wanavijiji ili wajue kwamba tiba ipo. Kukosekana kwa moja kati ya hayo kungetosha kuirudisha chati ukutani kama pambo.

Baadaye Mwanza ilipata somo la pili. Magonjwa mengi ya zinaa hutibiwa kwa siku chache, hivyo mtu angeweza kusema kwamba mfano huo haufai kwa ugonjwa wa miaka mingi. Lakini dawa za kufubaza VVU zilipoanza kutolewa na serikali mwaka 2004, nchi ililazimika kujifunza tiba ya kila siku, ya maisha yote. Kliniki za tiba na matunzo zilianzisha kadi yenye namba, tarehe ya kurudi, rejesta, na utaratibu wa kumfuatilia asiyetokea. Ilidhihirika kwamba mkulima wa Kwimba na mvuvi wa Sengerema wanaweza kumeza kidonge kila siku kwa miaka, mradi mfumo uwakumbuke.

6.0 Yanayosemwa na mwongozo na yanayowezekana

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwongozo wa huduma za afya ya akili na ubongo kwa watumishi wasio mabingwa, na kuurekebisha mwaka 2016. Kama mwongozo wa magonjwa ya zinaa, nao umejengwa kwa chati za maamuzi. Nchini, Mwongozo wa Tiba wa Taifa pamoja na Orodha ya Dawa Muhimu, katika matoleo ya 2017 na 2021, unazo sehemu za kifafa. Mwaka 2022 Mkutano wa Afya Duniani uliidhinisha mpango wa hatua wa kifafa na magonjwa mengine ya mfumo wa fahamu hadi mwaka 2031. Maelekezo ya msingi ni machache na yanaeleweka: uliza historia ya kuanguka kwa makini, anza dawa moja kwa dozi ndogo na uipandishe taratibu, usiikatishe ghafla, fikiria kuipunguza baada ya angalau miaka miwili bila kuanguka, epuka valproeti kwa mwanamke anayeweza kushika mimba, angalia mwingiliano kati ya karbamazepini na dawa za VVU, na mtu anayetukutika zaidi ya dakika tano atibiwe kama dharura.

Hakuna agizo hapo linalomzidi uwezo tabibu wa zahanati. Ugumu unaonekana pale agizo linapokutana na siku ya kawaida. Tuchukulie mvuvi wa dagaa mwenye umri wa miaka 25 katika kisiwa cha Ukara. "Anza dozi ndogo na uipandishe" kunamaanisha kurudi mara kadhaa katika miezi ya mwanzo, huku dawa ikiwa bado haijaonesha nguvu yake yote na mgonjwa akiendelea kuanguka. Ni katika miezi hiyo ambapo familia husema dawa ya hospitali imeshindwa na kwenda kwa mganga wa jadi. "Usiikatishe ghafla" ni agizo kwa mgonjwa, lakini mara nyingi mkatishaji ni leja ya dawa iliyoandika sifuri. Na kukatika ghafla kwa fenobarbitali kunaweza kuleta mitukutiko mikali kuliko ya awali. Rufaa ya kwenda Bugando nayo ina maji mawili ya kuvuka: kwanza kutoka Bwisya hadi Bugolora, njia ambayo kivuko cha MV Nyerere kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 na kuua zaidi ya watu 200, kisha kutoka Nansio hadi mjini Mwanza.

Kwa wakazi wa Sengerema na Geita, Daraja la J. P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa foleni ya kivuko. Kwa visiwa, umbali ungali uleule. Ndiyo maana mwongozo unaotegemea rufaa utabaki mwongozo wa watu wa nchi kavu.

7.0 Giza, mbalamwezi na kalenda ya kliniki

Miongozo humshauri mwenye kifafa alale vya kutosha, na asiogelee wala kukaa karibu na maji au moto akiwa peke yake. Ushauri huo ni sahihi kitabibu. Katika mwalo wa dagaa, hata hivyo, unamwambia mtu aache kazi.

Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani ilikuwa karabai; sasa taa za umeme wa jua zimeenea. Taa huvuta samaki vizuri zaidi katika siku za giza, mwezi usipoonekana. Katika siku hizo wavuvi hukesha mfululizo, na kukosa usingizi ni miongoni mwa mambo yanayojulikana kuchochea kuanguka. Kwa hiyo kipindi ambacho kifafa kina uwezekano mkubwa wa kumpata mvuvi ndicho kipindi ambacho yuko katikati ya maji. Mbalamwezi ikirudi, uvuvi hupungua na watu hukaa kambini.

Hapa ndipo tofauti kati ya kuusambaza mwongozo na kuutekeleza inapoonekana wazi. Kliniki inayopangwa kwa tarehe maalumu ya kila mwezi itamkosa mvuvi mara kwa mara. Inayopangwa katika siku za mbalamwezi itampata akiwa nchi kavu. Dozi ya dawa inaweza kuhesabiwa ipite giza zima bila kuisha. Mpaka tiba itakapomtuliza, kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi cha mwalo kinaweza kumpa kazi ya kuanika, kupima au kuhesabu, badala ya kumfukuza. Kwa mwanamke, ambaye hatari yake iko zaidi kwenye mafiga matatu kuliko kwenye mtumbwi, ushauri uleule unageuka kuwa jiko lililoinuliwa na jirani aliyefundishwa kwamba mate hayaambukizi. Mambo haya hayamo katika chati, wala hayapaswi kuwamo; chati huandikwa kwa ajili ya dunia nzima. Kazi ya kuyaongeza ni ya wilaya, ya zahanati na ya mwalo.

8.0 Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa haiungi mkono dhana kwamba kifafa hakitibiki vijijini kwa sababu watu hawataki dawa. Mahenge, watu waliipokea dawa na wengi wao wakaacha kuanguka. Mwanza, zahanati za kawaida ziliutekeleza mwongozo kwa kiwango kilichobadili fikra za dunia. Kliniki za VVU zikaonesha kwamba tiba ya kila siku inawezekana ziwani. Kilichokosekana ni kuyafunga mambo hayo matatu katika fungu moja kwa ajili ya ugonjwa ambao haukupata mfadhili mkubwa wala kampeni ndefu.

Kwa msingi huo, kipimo cha mwongozo wa kifafa si idadi ya nakala zilizosambazwa wala ya watumishi waliohudhuria semina. Kipimo ni maswali ambayo msimamizi anaweza kuyauliza katika zahanati yoyote ya mwambao: ni wagonjwa wangapi wamo katika rejesta, wangapi walirudi mwezi uliopita, dawa iliyopo itawafikisha hadi lini, na nani alikwenda kumtafuta asiyetokea. Zahanati inayoweza kujibu maswali hayo manne imekwisha kuutekeleza mwongozo, hata kama nakala yake imechakaa na kupoteza jalada.